Mtani Wangu Aliyekatazwa Kufa

Mnaniuliza nchi ipi ilifanya vizuri.

Kila nikiketi mahali, kabla kahawa yangu haijapoa, hatakosekana mmoja mwenye shati safi atakayesogeza kiti na kusema, "Mzee Pazi, wewe umetembea bwana. Ulipita kote wakati wa Mkaba. Hebu tuambie, nani aliwashinda wenzake?" Anauliza kama anayeuliza matokeo ya mpira. Nami simjibu. Nalitazama koo lake. Linapanda, linashuka, pumzi inaingia, pumzi inatoka, hakuna anayeikagua mlangoni, nami najiuliza: mtu huyu amebakiziwa pumzi, na swali hili ndilo aliloona linastahili kuitumia?

Kushinda! Tangu lini watu wakashindana kwa kufa? Nani huyo anayepanga makaburi kwenye jedwali, juu mwenye machache, chini mwenye mengi, halafu anampigia makofi wa juu? Na waliomo ndani ya hayo machache, wao wamemshinda nani?

Mkaba ulikuja bila miguu. Ulimshika mtu kooni kwa vidole laini, ukamwachia, ukamshika tena, kama mtoto anayecheza na shingo ya kuku asijue kwamba kuku anakufa. Haukuuliza pasi ya kusafiria. Mipaka tuliichora sisi kwa chokaa, na kila tulipoivuka tuliukuta Mkaba ule ule, koo lile lile, kikohozi kile kile, ila wakubwa wa upande huo wameupa jina jingine na sheria nyingine na wimbo mwingine wa redioni. Ndipo nilipoanza kukasirika, na sijaacha.

Nchi nilizopita ni tatu: Makufuli, Majokofu na Hakuna. Nilizipita nikiwa na mtu mmoja na binti yake. Mtu huyo aliitwa Lushinge, naye alikuwa mtani wangu.

Kwa asiyejua, mtani ni zaidi ya rafiki na ni balaa kuliko ndugu. Rafiki unamchagua, siku ukichoka unamwacha. Mtani unazaliwa umemkuta, kwa sababu mababu zenu walipigana, wakachoka kuuana, wakakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo watatukanana tu. Watu wangu ni wa nyanda za chini, wenye minazi. Watu wa Lushinge ni wa juu, wenye ng'ombe. Mtani anaweza kukuita mtumwa mbele ya mkweo na huna ruhusa ya kununa. Na ukifa, yeye ndiye mwenye kazi. Watu wanalia, yeye anavaa koti lako na kuiga mwendo wako. Anapiga kelele kwamba hujafa, unajifanya tu, unakwepa kulima. Anashuka kaburini kabla yako, analala, anakataa kutoka mpaka abembelezwe. Nimeona wajane wakicheka huku machozi yanawatiririka hadi kidevuni. Huzuni ikichekwa usoni huona haya kidogo, ikasogea, mtu akapata pa kuketi.

Mimi na Lushinge hatukuwahi kuamkiana kama watu wengine. Nikimwona nilikuwa nasema, "Babu yangu alitoa kibaba cha chumvi akapewa babu yako, na mpaka leo tunaililia chumvi." Naye papo hapo, hata kama ana tonge mdomoni: "Na sisi tunamlilia mbuzi wetu, mliyemla na kamba yake." Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yetu na marahaba yetu. Hakuwahi kuniacha bila jibu. Alikuwa na homa, akajibu. Alikuwa anamzika mkewe, akajibu. Mtani aliye hai hanyamazi, nawaomba mlishike hilo.

Tulianzia Makufuli. Labda tulimalizia huko, sijui. Safari ile siku zake hazikufuatana, Jumanne ilikuja nyuma ya Jumamosi zikisukumana. Huko kila mlango ulifungwa kwa nje na ufunguo alikuwa nao askari. Walifunga nyumba, wakafunga soko, wakafunga bomba la maji. Nilimwona mbwa ana kufuli mkiani. Mwenye ghorofa na bustani alifungiwa pamoja na bustani yake. Mwenye chumba kimoja na watoto saba alifungiwa pamoja na watoto saba. Kisha redio ikasema: tumefungiwa sote, tuko sawa. Mama mmoja muuza vitumbua alitoka, maana watoto hawali redio. Akachapwa katikati ya barabara, vitumbua vikamwagika, na askari aliyemchapa alikuwa analia kwa upendo. "Ni kwa afya yako, mama," alisema, akiinua fimbo. "Ni kwa afya yako." Sasa wewe mwenye shati safi, huyo mama tumweke safu gani ya jedwali?

Nisiwe mwongo. Makufuli yalizuia. Mkaba ulipita vichochoroni ukigonga, haukufunguliwa, na wapo watu wanaokula ugali leo kwa sababu hiyo. Nakubali, na hasira yangu haipungui hata tone. Unga ungeweza kuletwa mlangoni. Fimbo ililetwa, kwa nini unga usiletwe?

Tulikuwa chumba kimoja: mimi, Lushinge, na binti yake Nyamizi, mshonaji, mwanamke wa maneno machache na macho yasiyopepesa. Lushinge alikuwa ameanza kukohoa. Mchana mmoja tulichungulia kwenye ufa wa dirisha tukaona jirani anavyozikwa. Watu wawili wa mavazi meupe, wasio na uso, tingatinga moja, shimo, chokaa, basi. Mkewe alikuwa nyumba ya pili, amefungiwa, anagonga kioo kwa kiganja, tunamwona mdomo unafunguka na sauti haitoki.

"Pazi," akaniita Lushinge.

"Unasemaje, mla panzi?"

"Umeona walivyomzika?"

"Nimeona."

"Kama wanafukia bomba." Akakohoa, akapangusa mdomo. "Mimi usikubali. Nikifa nitukanwe. Shuka kaburini ulale na hayo makalio yako ya nazi, ukatae kutoka mpaka Nyamizi akupe ugoro. Usinizike kimya. Ukinizika kimya sitajua kama nimekufa."

"Nani apoteze siku kwa ajili yako?" nikamwambia. "Nitakutupia fisi, nao wakutapike."

Alicheka mpaka Mkaba ukamshika. Lakini mkono wangu alikuwa ameukamata, na hakuuachia mpaka nilipotikisa kichwa kukubali. Nyamizi aliona. Hiyo ndiyo ahadi. Haya yote ninayosimulia ni ahadi hiyo.

Tulitokea darini. Serikali ilifunga milango. Haikupata kufikiri kwamba maskini naye ana paa.

Tulivuka mstari wa chokaa, na upande wa pili nikawa nimezeeka zaidi na Lushinge amekuwa kijana, ndevu zake nyeusi, ila kifua kile kile. Hiyo ilikuwa Nchi ya Majokofu. Kila kitu cheupe. Kila raia ana jokofu lake limesimama nje ya nyumba kama mlinzi, na ndani ya jokofu mna dawa ya Mkaba: ya kwake ya leo, ya kwake ya kesho, ya kwake ya mwaka atakaokuwa amesahau Mkaba ni nini. Majokofu yalinguruma pamoja, nchi nzima, sauti moja nene kama nyuki, na wenyewe wanasema hawaisikii.

Tuliishia kwenye uzio. Palikuwa na kidirisha, na dada mmoja mwenye sauti nzuri. Nakwambia, sijawahi kunyimwa kitu kwa adabu namna ile.

"Karibuni wazee wangu," akasema. "Niwasaidie nini?"

"Dawa ipo?" nikauliza.

"Ipo, mzee. Nyingi sana."

"Mgonjwa yupo."

"Tunamwona, pole sana."

"Basi?"

"Basi tunasikitika. Tumeunda kamati kabisa, ya kusikitika. Imekaa tangu asubuhi."

Nyamizi akasogea. "Dada, hiyo dawa mnayomwaga kwenye mtaro pale nyuma yako, ni ya nini?"

Yule dada hakugeuka. "Hiyo imepitisha siku zake."

"Jana ilikuwa haijapitisha."

"Ndiyo. Jana ilikuwa ya mwenyewe."

Na hawa nao nawapa haki yao: dawa ilifanya kazi. Waliochomwa waliamka, wakavuta pumzi, wakarudi kulalamikia bei ya jibini. Kwa hiyo ilijulikana kwamba kifo kile kinazuilika. Hilo ndilo linaloninyima usingizi hata sasa. Kuuawa na kitu kisicho na tiba ni msiba. Kuuawa huku tiba inanguruma hatua chache kutoka mahali ulipolala, hilo liiteni ninyi mliosoma, maana mimi jina ninalo ila halitamkiki mbele ya watoto.

Lushinge aliegemea uzio. Nilikuwa nimempakata kichwa. Akanitazama, akanitafutia tusi kwa juhudi, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Mtumwa," akasema, "hata pumzi yako inanuka nazi."

Akafa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumjibu. Jibu likabaki pale pale juu ya ulimi, nikalifungia ndani, nikalibeba.

Tungemzika hapo, lakini ardhi yao ilikuwa saruji, na maiti wa mgeni huko huwekwa kwenye jokofu la serikali mpaka kamati iamue. Kurudi Makufuli ilikuwa kumpelekea tingatinga. Wapita njia wakatuambia, "Nendeni Hakuna. Huko misiba haijakatazwa. Huko watu wanakusanyika." Nilifurahi, wallahi nilifurahi. Nilimbeba mtani wangu mgongoni nikimtukana uzito wake njia nzima.

Mpakani mwa Hakuna kulikuwa na harusi. Watu wanakumbatiana, wanakula sinia moja. Askari wa mpaka akatupokea kwa meno yote.

"Karibuni. Hapa hakuna."

"Hakuna nini?" nikauliza.

"Hakuna," akasema, akanipigia saluti.

Ndivyo ilivyokuwa. Ngoma zilipigwa nchi nzima, na zilipigwa kwa nguvu iliyozidi kidogo tu nguvu ya kikohozi. Kikohozi kikipanda, ngoma zinapanda. Mkaba haukuwa na jina, na kilichokosa jina hakifunguliwi hospitali. Watu walianguka sokoni, wakaitwa wamechoka ghafla. Wakirudishwa nyumbani, wanaendelea kuchoka. Nilipita mitaa nikaona vibarazani wazee wengi wameketi vitini, wametulia mno, shuka mapajani, nzi hawafukuzwi. Nikadhani ni nchi ya watu wapole.

Kaburi lilichimbwa kando ya barabara kuu, na watu wakaja, ukarimu wao sikatai. Jua lilikuwa la asubuhi. Nikavaa koti la Lushinge. Nikatembea anavyotembea, goti la kushoto linachelewa, na Nyamizi kwa mara ya kwanza tangu Makufuli akaziba mdomo asicheke. Nikapata moto.

"Mwongo huyu!" nikapaza sauti. "Hajafa! Nani kawaambia kafa? Namjua mimi, anajifanya! Amesikia masika imekaribia, anakwepa jembe! Mtazameni, jicho moja liko wazi! Inuka, mla panzi! Mtu mzima kama huyu hafi, Mkaba wenyewe umemkataa kwa uvivu!"

Watu walicheka. Ila nyuma yao alikuwa amesimama bwana mmoja wa makamo, suti ya kijivu, uso mviringo wenye wema mwingi. Huyu hakucheka. Alisikiliza kwa makini hadi mwisho, kisha akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Alikuwa Bwana Fikirini, Katibu wa Afya Njema.

"Asante sana, mzee wangu," akasema. "Tulikuwa tunahitaji shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Umesema hajafa. Umesema mbele ya watu, kwa sauti. Na kumzika mtu aliye hai ni kuua, hilo unalijua." Akawageukia vijana wake. "Fukieni hilo shimo. Mleteeni mzee kiti."

Nilidhani ananitania. Nikacheka. Wao wakafukia. Saa hiyo hiyo vipaza sauti vya mjini vikaanza kunitangaza: hata rafiki yake wa tangu utotoni, mtu aliyezunguka dunia, amethibitisha kwamba hajafa. Nikaisikia sauti yangu mwenyewe inapita juu ya mapaa, inauzwa.

Walimweka Lushinge barazani mwa ofisi ya Katibu, kwenye kiti cha mkonge, kofia kichwani, gazeti mkononi. Wakamwajiri mtu wa kusimama nyuma ya kiti, jina lake Chiduo, kazi yake moja. Wanafunzi wanapita: "Shikamoo babu!" Chiduo anaitika kwa sauti nzito: "Marahaba!" Bwana harusi anapita na bibi harusi: "Shikamoo mzee!" "Marahaba!" Na maiti haikuoza. Kuoza nako kulikuwa kumekatazwa. Ndevu tu ziliendelea kuota, nyeupe, nyeusi, nyeupe, kwa sababu hazikujua zifuate amri ya nani. Nyamizi alikwenda kila asubuhi kumwosha baba yake miguu, mbele za watu, naye Chiduo akimshukuru kwa niaba ya mzee.

Nilikwenda ofisini mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Bwana Fikirini, ule ulikuwa utani."

"Serikali haitaniwi, mzee."

"Sikuitania serikali. Nilimtania marehemu. Ni mila."

"Kwa hiyo ulisema uongo?"

"Sikusema uongo. Nilimtukana."

"Mtu hatukani maiti," akasema kwa upole. "Ulimtukana kwa sababu yu hai. Umejijibu mwenyewe."

Nilitoka nikaketi kwenye ngazi. Na hapo ndipo swali liliponijia, swali ambalo limenifukuza barabarani hadi leo. Kifo ni cha nani? Nauliza. Pumzi najua si yangu, niliazimwa. Ardhi si yangu, nimeikuta. Lakini kufa kwangu, jamani, kufa kwangu nilidhani ni kwangu. Serikali inaweza kuniua, hilo nalijua tangu mdogo. Inaweza kuniacha nife, hilo nililiona kwenye uzio. Sikuwa najua inaweza kunikatalia. Makufuli walichukua msiba wakaacha kifo peke yake, kimekauka. Majokofu walichukua dawa wakatuachia msiba wote, tuuchukue tukalie mbali. Hawa wamechukua kifo chenyewe. Na aliyechukuliwa kifo chake hawezi hata kudai alikuwa anaishi. Fikiria hilo, wewe wa shati safi. Weka kwenye jedwali.

Kisha ikafika Siku ya Kulinganisha. Wajumbe wa Makufuli na wa Majokofu walikuja Hakuna ili wapime nani alishughulikia vizuri zaidi. Uwanja ulijaa. Mjumbe wa Makufuli alisimama mbali na kila mtu, amejifunga kamba kiunoni, akasema kwao hakuna aliyeambukizwa nje ya nyumba. Yule wa Majokofu akasema kwao kila raia amechanjwa mkono wa kulia, wa kushoto, na picha yake ya ukutani. Kisha Bwana Fikirini akaonyesha kwa mkono, na Lushinge akabebwa na kiti chake mpaka katikati ya uwanja.

"Sisi," akasema, "hatuna takwimu. Tuna mzee. Walisema amekufa. Karibuni mumsalimie."

Wajumbe wakainama. "Shikamoo," wakasema kwa lafudhi zao.

"Marahaba!" akanguruma Chiduo.

Makofi. Nikainuka.

"Nami naomba nimwamkie mtani wangu," nikasema. "Ni haki yangu."

Bwana Fikirini alifurahi. "Shahidi wetu huyo! Mpisheni."

Nikaenda mpaka mbele ya kiti. Nikamtazama usoni, ile sura niliyoitukana maisha yangu yote. Nikasema, si kwa kelele, kwa sauti ya kawaida, ile ya kila siku:

"Lushinge. Babu yangu alitoa kibaba cha chumvi akapewa babu yako, na mpaka leo tunaililia chumvi."

Kimya.

Chiduo akamtazama Katibu. Katibu akamkazia macho. "Marahaba!" akasema Chiduo.

Mahali fulani nyuma mtu alicheka kwa puani. Watu wa Hakuna nao wana watani. Wote walijua hilo si jibu.

"Marahaba ya nini?" nikauliza. "Nimemtukania babu yake. Mtani aliye hai anaitika marahaba?"

"Mzee amechoka," akasema Bwana Fikirini haraka. "Hana nguvu za maneno."

"Alikuwa anamzika mkewe, akanijibu. Katibu, mwambie mtu wako ajibu. Mjibie hata wewe."

Hakulijua. Ukiniondoa mimi, hakuna aliyelijua jibu lile ila watu wawili, na mmoja alikuwa kwenye kiti. Bwana Fikirini si mjinga. Akageuka polepole mpaka akampata Nyamizi miongoni mwa watu. Sauti yake ikawa asali.

"Binti, wewe ni mwanawe. Wewe unajua baba angesema nini. Mjibie tu. Neno moja, baba apumzike barazani kwake, nawe upewe nyumba hapa mjini, ushone kwa amani. Usimwaibishe mzee mbele ya wageni."

Nikamwangalia Nyamizi. Naye alilelewa na jibu lile. Alilisikia kabla hajajua kutembea. Niliona linavyompanda kifuani, niliona midomo inavyoachana. Mtoto wa mtani akisikia babu yake anatukanwa, mwili wenyewe unajibu. Angejibu, Lushinge angeishi milele. Alijiuma mdomo wa chini. Damu ikatoka, ikashuka kidevuni, na macho yake hayakupepesa.

"Namsubiri baba ajibu mwenyewe," akasema.

Tukasubiri. Uwanja mzima ukamsubiri Lushinge. Ngoma zilikuwa zimenyamaza kwa heshima ya wageni, na katika kimya kile kikohozi kikasikika, kimoja, kingine, upande huu, upande ule, kikohozi cha nchi nzima kilichokuwa kimejificha chini ya ngozi za ngoma.

Ndipo mama mmoja mnene, kilemba cha manjano, akasema kama anayejisemea, "Wangu namwita mvivu kila siku tangu mvua za vuli. Hanijibu. Yule mwanamume ninayemjua mimi, nimwite mvivu anyamaze?" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Jamani. Ninamlisha uji."

Akaondoka anakimbia. Na mwingine. Na mwingine. Watu walimiminika kutoka uwanjani kurudi vibarazani kwao, na tukiwa pale tuliwasikia, mtaa kwa mtaa, wakiwatukana wapendwa wao kwa matusi ya nyumbani, yale ambayo mtu hawezi kuyavumilia: we kibyongo, we mlevi, we uliyeoa kwa huruma! Walitukana, wakanyamaza, wakasikiliza. Kisha kilio kikapanda kutoka nyumba ya kwanza. Kikashika ya pili. Kilipofika mlimani mji wote ulikuwa koo moja, na hakuna ngoma iliyotosha kukifunika.

Bwana Fikirini alibaki amesimama, mikono imelegea. "Nilitaka wasiogope," akaniambia. Nadhani alisema kweli, na sikumsamehe. Mjumbe wa Majokofu alimwuliza mwenzake wa Makufuli iwapo kelele hizi zinahesabiwa mwaka huu au ujao. Wakaenda pembeni kujadiliana. Chiduo, peke yake, alivua kofia ya Lushinge, akamfumba macho.

Tulifukua shimo lile lile la kando ya barabara. Hatukuwa na umati. Kila mtu alikuwa na wake. Jua lilikuwa bado juu. Nikavaa tena koti lake, nikashuka, nikalala chali. Udongo ulikuwa wa baridi na wa kweli. Nikalitoa lile jibu nililolifungia tangu kwenye uzio.

"Pumzi yangu inanuka nazi, sawa," nikasema. "Ya kwako iko wapi?"

Nilitaka kucheka. Ndiyo kazi ya mtani. Kilichotoka hakikuwa kicheko, na sikukizuia.

Kichwa cha Nyamizi kikachungulia juu, jembe begani, mdomo umevimba.

"Toka humo, mzee wa nazi," akasema. "Hujachimbiwa wewe."

"Sitoki. Hata ugoro sijapewa."

Akanitupia kifuko cha ugoro. Kikaniangukia tumboni.

"Huu ni wa kunguni," nikasema. "Babu yangu alitoa kibaba cha chumvi akapewa babu yako, na mpaka leo tunaililia chumvi."

Nikasubiri. Juu kulikuwa na kipande cha mbingu chenye pembe nne, na kimya, nami nikafikiri: basi, imekwisha, nimebaki peke yangu na nusu ya maneno.

"Na sisi," akasema Nyamizi, "tunamlilia mbuzi wetu, mliyemla na kamba yake."

Akaniteremshia mkono. Nikaushika, nikapanda, nikampisha baba yake.